Keki Iliyonuka Kitunguu Saumu

Keki ya harusi ilinuka kitunguu saumu, na aliyesababisha ni mimi. Mwiko sikuushika. Siku inaokwa nilikuwa ofisini nachapa barua za wazazi. Lakini mayai yalikuwa yangu, kuku walikuwa wangu, na vitunguu nilivitwanga kwa mikono yangu hii hii, tena huku naimba.

Sasa ngoja nirudi kichwani, maana hapo nimeanzia mkiani.

Mimi ni katibu wa shule. Nina diploma ya uhazili, imewekwa kwenye fremu sebuleni, na mume wangu huitundikia kofia yake akirudi kazini. Yeye ni fundi wa majokofu, kwa hiyo kila kitu kilichosimama wima kwake ni mahali pa kuwekea kitu kingine. Mtaani wananiita Katibu. Nyuma ya nyumba nina banda la kuku, na ukuta wa nyuma ya banda ndio ukuta wa Mama Keki.

Mama Keki anaoka keki, na jina ameshalipata humo humo. Watoto wake wameoa na kuolewa, anaishi peke yake na oveni zake. Ukuta wetu una pengo la tofali moja. Fundi aliyeujenga alisema anafuata saruji, na mpaka leo hajarudi na hiyo saruji. Sisi hatukumtafuta. Kwenye lile tundu tumepitisha chumvi, viberiti, vijiko, umbea wa kila saizi, na siku moja paka aliyekuwa amelala kwenye unga wake. Mayai ndiyo sikuyapitisha hapo. Mayai nilikuwa nayapeleka mwenyewe, kwa mlango, nikitoka kazini, kwa sababu kulikuwa na chai.

Uani kwa Mama Keki kuna vigoda vitatu. Kimoja chake. Kimoja changu, kipana, kimechongwa vizuri, kimeshika umbo langu mpaka mwenyewe nikikiona naona haya. Cha tatu ni kibovu. Mguu wake mmoja ni mfupi, ukikaa kinakuyumbisha, ukijisahau kinakubana. Hicho tulikiweka kwa ajili ya wageni tusiotaka wakae sana.

"Mpe kigoda wifi yako," Mama Keki alikuwa ananiambia, tunavunjika mbavu, na wifi hamalizi kikombe.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha, mpaka kuku wangu walipopata minyoo.

Mwanzoni nilidhani wanapungua tu, kama watu wanavyopungua kabla ya sherehe. Kumbe wanaisha. Ukimshika tetea unashika mfupa wa kifua. Upanga wa kichwani, ule mwekundu, ukapauka kama nguo iliyosahaulika juani. Mayai yakapungua. Siku moja nafagia banda nikaona kwenye kinyesi vitu vyeupe kama nyuzi, tena nyuzi zenyewe zinatembea. Nilitupa ufagio.

Muuza dawa za mifugo alinipa chupa, akanieleza namna ya kupima, kisha akasema, "Na mayai, mama, usile wala usimpe mtu mpaka muda ulioandikwa hapa upite."

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza, na hilo mniandikie. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Keki nikamwambia kuku wangu wako kwenye dawa, mayai hayaliki.

"Pole, Katibu wangu," akasema. "Usijali. Kwa muda huu nitachukua kwa Mkunga."

"Mkunga gani?"

"Huyu aliyehamia nyumba ya kona. Amestaafu juzi tu. Mwenzangu, ana kuku! Wamenona utadhani wanapokea mshahara."

Kwa muda huu. Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba maji kwa viganja.

Jumamosi iliyofuata Mama Keki akaja bandani kwangu, na nyuma yake akaja mwanamke mrefu, mikono mipana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia wenzake wasukume.

"Katibu, nimekuletea mtaalamu."

Mkunga alivua viatu mlangoni pa banda, akavaa kandambili zangu. "Viatu vyangu vimekanyaga mavi ya kuku wangu," akasema. "Nisije nikakuletea minyoo ya ugenini."

Mama Keki akanitazama kwa yale macho ya "umemwona?" Nilimwona.

Mkunga akachutama, akachota maranda kiganjani, akayafinya. "Yamelowa haya. Mayai ya minyoo yanapapenda hapa kuliko wewe unavyopenda godoro lako." Mama Keki akacheka. Mkunga akaonyesha chombo cha maji, kilichokuwa kinavuja siku zote na mimi nakiona siku zote. "Kiwanda chenyewe ndicho hiki. Kizibe, kiinue juu ya matofali. Maranda yote toa, weka makavu. Chakula usiwamwagie chini, maana kuku akidonoa chini anadonoa na kinyesi chake. Dawa ya kwanza ya minyoo ni ukavu."

"Na zile dawa za asili?" nikauliza. "Nasikia ndiyo sifa yako." Nilijitahidi neno "sifa" lisitoke na miiba.

"Zipo. Mbegu za papai, unakausha, unasaga, unachanganya kidogo kwenye pumba. Mbegu za maboga pia. Wengine wanawawekea majani ya mwarobaini. Lakini Katibu, mimi sikudanganyi. Hizo zinasaidia kuzuia, na hata hapo kazi kubwa ni ya reki na ufagio. Kuku akishajaa minyoo kama hawa wako, ni duka la dawa, kama ulivyofanya. Umefanya vizuri sana." Mama Keki akatingisha kichwa kama vile sifa ile kapewa yeye. "Halafu kuna kitunguu saumu…"

Hapo ndipo lilipotokea.

Unyoya mdogo ulikuwa umetua begani kwa Mkunga. Mama Keki akaunyanyua kwa vidole viwili, taratibu, vile vile anavyotoa uchafu kwenye krimu bila kuigusa krimu. Mkunga hakugeuka wala hakushtuka. Aliendelea kuongea. Mnaelewa? Ukimgusa bega mtu msiyezoeana naye anashtuka kidogo, anasema asante. Hawa walishapita hapo. Walipita lini? Kwa trei ngapi za mayai? Na je, huko uani kwake, Mkunga anakalia nini?

Niliporudisha masikio yangu, Mkunga alikuwa anamalizia: "…hapo tu ndipo pa kuwa makini. Umenielewa, Katibu?"

"Kabisa," nikasema, nikaonyesha meno yote.

Miaka nenda miaka rudi nachukua kumbukumbu za vikao vya walimu, wanagombana, wanaongea wote kwa pamoja, mmoja analia, na mimi sijawahi kudondosha sentensi. Siku ile nilidondosha.

Basi dawa ikafanya kazi yake, muda ulioandikwa kwenye chupa ukapita, nikaongeza na siku kadhaa juu kwa heshima. Nikajaza trei. Nikafuta kila yai kwa kitambaa. Nikavaa ile blauzi yangu ya vikao vya bodi, nikaenda kwa Mama Keki kama bibi harusi anayerudishwa kwao kwa shangwe.

Mkunga alikuwa amekalia kigoda changu.

Kikombe mkononi, miguu ameinyoosha, amekaa kwa raha zake kabisa. Na kigoda, kile kigoda kilichonishika umbo, hakikuonyesha dalili yoyote ya kunikumbuka.

"Katibu huyo!" Mama Keki akafurahi, kweli alifurahi, sitamsingizia. "Karibu, karibu. Vuta kile."

Kile!

Mkunga akaanza kuinuka. "Njoo ukae hapa, mdogo wangu."

"Kaa tu, dada, kaa," nikasema. "Mimi popote." Nikakaa kwenye kibovu kwa nusu kalio, kikaniyumbisha, chai ikanimwagikia kidoleni, nikasema haijanichoma.

"Mayai yamerudi," nikasema, nikaonyesha trei.

"Jamani, mazuri! Ila ya wiki hii nimeshachukua kwa Mkunga." Mama Keki akanigusa goti. "Wiki ijayo basi, Katibu wangu. Hebu Mkunga, mwambie ile ya mama aliyejifungulia kwenye foleni ya posta."

Mkunga akasimulia. Ilichekesha. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba ilichekesha. Mtaa huu mchekeshaji ni mimi, na Mama Keki alikuwa anapangusa machozi kwa ncha ya aproni, machozi ambayo kwa haki yalikuwa yangu.

Wiki ijayo ikaja na "nimeshachukua" nyingine. Na kila nikikutana na Mama Keki, sentensi zake zimeota kichwa kipya: Mkunga anasema. Mkunga anasema siagi ikae nje usiku kucha. Mkunga anasema miguu ikivimba inua juu ya mto. Nilichapa barua ya shule nikaandika "Wapendwa wakunga" badala ya "Wapendwa wazazi." Mwalimu mkuu akaisaini bila kuisoma, akaituma.

Mume wangu akasema, "Mama, unaugua?"

"Naugua nini?"

"Unasaga meno ukiwa macho."

Ndipo nikaamua. Kuku wa Mkunga wananona, wangu watanona zaidi. Mayai ya Mkunga ni makubwa, yangu yatakuwa ya kushika kwa mikono miwili. Nilibadilisha maranda yote nikaweka makavu, nikaziba chombo kinachovuja, nikakipandisha juu ya matofali. Nikakausha mbegu za papai juu ya bati. Na nikakumbuka kitunguu saumu. Mkunga alikitaja, hilo nililisikia vizuri. Sasa kama yeye anawapa kidogo, mimi wangu niwape kidogo kwa nini? Mimi ni mchoyo?

Nilikuwa nanunua mafungu mpaka muuza viungo sokoni akaniuliza kama nimefungua hoteli. Kila asubuhi nilitwanga, nikawawekea kwenye maji na kwenye pumba. Kuku mwanzoni walinigeuzia uso. Walipoona hakuna kingine, wakazoea. Baadaye wakawa wanakuja mbio wakisikia mchi. Manyoya yakaanza kung'aa, upanga ukarudi mwekundu, wakataga kama wanashindana. Siku hizi najua kilichofanya kazi ni dawa ya dukani na ukavu. Wakati ule niliona vitunguu tu.

Asubuhi moja mume wangu alikuwa anakula mayai ya kukaanga, akasimamisha uma njiani.

"Leo umeweka kitunguu saumu."

"Sijaweka chochote. Chumvi tu."

Akatafuna polepole. "Basi kuku wako siku hizi wanajikoleza wenyewe humo humo ndani."

"Utani wako wa friji huo," nikamwambia. "Umepoa."

Nami nilionja. Sikusikia kitu. Mtu anayetwanga vitunguu kila siku, mikono inanuka, nywele zinanuka, mto unanuka, atasikia nini kwenye yai?

Halafu siku ikafika. Nilikuwa nafungua geti, nikamkuta Mama Keki ananisubiri, pua nyekundu, leso mkononi, mafua yamemkaba.

"Katibu wangu, nifae," akasema kwa sauti ya ndani ya pipa. "Nina keki ya harusi, ya ghorofa tatu, na kuku wa Mkunga wameamua kulalia mayai. Karibu wote! Nimepata nusu tu. Una mayai?"

Nina mayai! Moyo ulinirukia mpaka nikashika geti. Nilimjazia trei mpaka akaniambia basi. Nilimbebea mwenyewe mpaka jikoni kwake. Uani nikapita karibu na kigoda changu, kitupu, nikakipiga kofi la mapenzi.

"Unaona yalivyo makubwa?" nikasema.

"Makubwa, mwenzangu. Nisamehe, leo hata vanila siisikii, nimeimimina kwa macho." Akapiga chafya pembeni. "Ningefanya nini bila wewe?"

Maneno hayo nililala nayo. Nilimgeukia mume wangu nikamwambia, "Umesikia? Angefanya nini bila mimi?" Akasema, "Zima taa."

Ukumbini nilikaa meza ya karibu na keki, maana mwaliko wa Mama Keki ulikuwa wa watu wawili na wa pili nilikuwa mimi. Mkunga hakualikwa, na nilikuwa nimehakikisha. Keki ilisimama nyeupe, imenyooka, maua ya sukari yametelemka ubavuni. Watu wakapiga picha. Bwana harusi akakata, akamlisha bibi harusi. Bibi harusi akatafuna mara moja, akaacha kutafuna. Akamtazama mumewe kama vile ndiyo kwanza anamjua.

Sahani zikapita. Minong'ono ikapita nyuma ya sahani. Shangazi mmoja mnene, wa upande wa bwana harusi, hakuwa na habari ya kunong'ona.

"Hii keki imeokwa kwenye sufuria la mchuzi?"

Nikatia kipande changu mdomoni. Kwa mara ya kwanza nikaisikia ile harufu, sijui ni sukari ndiyo iliyoifichua. Uma wa mume wangu ulinirudia pale kichwani, umesimama njiani. Kuku wako siku hizi wanajikoleza wenyewe.

Mama Keki alikuja nilipokuwa nimejibanza karibu na makreti ya soda. Mafua yalikuwa yameshamtoka, na ingekuwa heri yangeendelea. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyedondosha kitu kisimani na bado anakiangalia kinavyozama.

"Katibu. Ni mayai. Unga nimeufungua mpya, siagi mpya. Ni mayai tu."

"Ee," nikasema.

"Nusu yako, nusu ya Mkunga. Unawapa nini kuku wako?"

Hapo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Ningesema, Mama Keki, ni mimi, nimewalisha kitunguu saumu kama mtu aliyerogwa. Angenipiga na mkoba, tungelia, tungecheka, tungekwenda kumwomba radhi bibi harusi pamoja. Lakini nilimwona Mkunga. Hakuwepo, ila nilimwona, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi, juu ya kigoda changu.

"Kwani mtaalamu wa vitunguu saumu si Mkunga?" nikasema.

Sikusema uongo. Niliuliza swali. Sisi makatibu tunajua kuliweka jambo hivyo.

"Kweli," akasema. "Alivitaja." Akaenda kukusanya sahani.

Asubuhi yake nilikuwa bandani, nimechutama, nakusanya mayai, nikasikia sauti upande wa pili. Nikasogea kwenye tundu. Naam, nilisikiliza, tundu ni letu sote.

"Mkunga, dada yangu, sina ugomvi na wewe," Mama Keki alikuwa anasema. "Nataka kujua tu. Kuku wako unawapa kitunguu saumu?"

"Wanaotaga? Siwapi hata punje."

"Hata punje?"

"Si nilisema siku ile bandani kwa Katibu, na wewe ulikuwepo! Nilisema kitunguu saumu wape vifaranga, wape mitetea ambayo haijaanza kutaga, tena kidogo. Wanaotaga ukiwazidishia mayai yananuka. Nikasema hapo tu ndipo pa kuwa makini. Nikamuuliza Katibu umenielewa, akasema kabisa."

Nilisikia mwiko unawekwa juu ya meza.

"Alisema kabisa," Mama Keki akasema.

Jogoo wangu akachagua wakati huo huo kuwika, sikioni mwangu. Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye boriti ya banda, mayai mawili yakanipasukia mapajani. Yalinuka.

"Katibu?" Sauti ya Mama Keki ilikuwa karibu sana sasa, kwenye tundu lenyewe. "Katibu, upo hapo? Kama upo sema, basi."

Nikaziba mdomo kwa mkono. Nilikaa vile vile, ute wa yai unanitiririka mguuni, mwanamke mzima, mwenye diploma, nimejificha nyuma ya kuku. Baada ya muda nikasikia hatua zake zinarudi.

Mchana akaja mwenyewe, kwa mlango. Alinirudishia trei yangu, imeoshwa, imekaushwa.

"Keki nimewaahidi nyingine," akasema. "Wamekubali. Hiyo imekwisha."

"Mama Keki, mimi…"

"Nilikwenda kumuuliza mtu mzima swali la aibu. Asubuhi na mapema, hata chai hajanywa. Kwa sababu wewe ulinielekeza kwake."

"Nilikuwa na wivu."

"Najua una wivu! Unadhani sikukuona siku ile ulivyoning'inia kwenye kile kigoda kama kuku mgonjwa? Nilikuwa nangoja useme. Sema tu: Mama Keki, mwondoe huyu kwenye kigoda changu. Ningecheka mpaka nidondoke. Ningemwondoa, na yeye angecheka." Akatazama ile diploma ukutani, yenye kofia. "Hukusema. Na leo asubuhi nimekuita, ulikuwepo. Nimesikia unavyopumua."

Akaondoka. Hakubamiza mlango. Aliufunga vizuri, kama mgeni.

Jioni ile ile nilikwenda nyumba ya kona. Mkunga alinifungulia akiwa na reki mkononi. Nilimwambia yote, kuanzia unyoya mpaka makreti ya soda. Alisikiliza huku anaegemea reki.

"Mdogo wangu," akasema, "nimezalisha wanawake walionitukana mimi, mama yangu na aliyenifundisha kazi. Hili lako dogo. Limepita." Kisha akaniangalia kwa upole ambao nilitamani sana nimchukie kwa sababu yake, nikashindwa. "Lakini aliyeumia si mimi."

Akanipa mbegu za papai, amezisaga tayari, kwenye kopo la majani ya chai. Akanisindikiza mpaka barabarani. Hata kusindikiza anajua.

Basi vitunguu nimeacha. Maranda nabadilisha kila yakilowa kidogo, chombo cha maji kiko juu, reki ina mahali pake. Kuku ni wazima. Mayai hayanuki, nimempa muuza viungo ayanuse, nimempa mwalimu mkuu, nimempa kila mwenye pua. Mume wangu asubuhi anakula, anasema, "Siku hizi mayai yamepungukiwa kitu," namwacha, hamu ya kumjibu sina.

Kila siku naweka trei kwenye tundu, upande wa kwangu, na kila siku naikuta ilivyo. Saruji Mama Keki hajaweka. Hilo nimeliangalia.

Leo nimetoka kazini nikaenda moja kwa moja bandani, na nguo za kazini. Upande wa pili kijiko kilikuwa kinagonga kikombe. Mkunga alikuwa anasimulia, sikupata maneno, lakini nilijua inapoelekea kwa jinsi Mama Keki alivyoanza kuvuta pumzi. Kisha wakacheka, wote wawili. Nami nikajikuta nacheka, huku nyuma ya ukuta, peke yangu na kuku, na sijui hata kilichochekesha ni nini.

Nikapiga magoti kwenye maranda makavu. Nikasogeza trei pembeni, nikaweka uso kwenye tundu. Ninachoona kutoka pale ni kipande cha sakafu, miguu yao minne, na mguu mfupi wa kile cha tatu, kimeegeshwa ukutani.

"Mama Keki," nikasema. "Dada Mkunga. Ni mimi. Nipo."

Kijiko kikanyamaza.

"Naomba na mimi nije nikae hapo. Hata kwenye kile kibovu."